Mizani ya Kidole Gumba: Usahili wa Nyimbo za Gitaa Kavu, Katanga na Kenya, 1945–1965

Neno "rahisi" lina maana mbili katika Kiswahili. Jambo rahisi ni lile lisilo na ugumu. Bidhaa rahisi ni ile isiyo na bei kubwa. Maana hizi hukaa pamoja katika mazungumzo ya kila siku pasipo kugombana, lakini zilipoingia katika uhakiki wa nyimbo zilileta hasara. Nyimbo za gitaa kavu, yaani zile zilizoimbwa na mtu mmoja au wawili kwa gitaa lisilo na umeme, ziliitwa rahisi kwa maana ya kwanza na kuhukumiwa kwa maana ya pili. Msikilizaji aliyelelewa katika ushairi wa pwani alikuta maneno machache yanayorudiwarudiwa, mishororo isiyolingana urefu, vina vinavyokuja kwa bahati, na Kiswahili ambacho mwalimu yeyote angekisahihisha kwa wino mwekundu. Akaziacha zilipo, kwenye baa na kwenye santuri.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sheria aliyoikosa msikilizaji huyo ilikuwapo, ila haikukaa mahali alipoitafuta. Kwa hiyo neno litakalotumika hapa ni usahili, lisilobeba habari ya bei.

Hata jina "gitaa kavu" lina mafunzo yake. Ugali mkavu ni ugali usio na kitoweo. Aliyelipa gitaa jina hilo alikwisha kusikia gitaa la umeme lenye ngoma, tarumbeta na besi pembeni, akalitazama lile la kwanza kama chakula kilichoandaliwa nusu. Katika miaka ya 1950 wapigaji wengi hawakuwa na haja ya kulitofautisha hivyo. Lilikuwa gitaa tu.

Historia yake haina budi kuanzia Katanga, na Katanga yenyewe haiwezi kuelezwa pasipo Kiswahili. Lugha hii ilifika huko kabla ya Wabelgiji, ikifuata njia za misafara ya biashara ya karne ya 19. Msiri, aliyeusimamisha utawala wa Wayeke huko Bunkeya na kuuawa mwaka 1891, asili yake ilikuwa Unyamwezi. Kilichokipa Kiswahili cha Katanga umbo lake la mjini, hata hivyo, ni shaba. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilikusanya watu kutoka Kasai, Rwanda na Burundi, Rhodesia ya Kaskazini na kwingineko, ikawaweka katika kambi ambamo hakuna lugha moja ya nyumbani iliyotosha. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu Kiswahili na mamlaka ya kikoloni katika Kongo ya Wabelgiji, ameeleza kwa kirefu jinsi lugha ya kazi ilivyofanywa kuwa lugha ya watawaliwa. Fabian anaishia mwaka 1938. Yaliyofuata katika kambi na mitaa, wafanyakazi walipoanza kuifanya lugha hiyo iwe yao, yanasikika vizuri zaidi katika nyimbo kuliko katika nyaraka za serikali.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika ya Kati na ya Kusini na mitambo yake ya kurekodi, alifika Jadotville, mji unaoitwa sasa Likasi. Huko alimrekodi kijana Jean-Bosco Mwenda, ambaye jina lake la Mwenda ni lilelile alilokuwa nalo Msiri. Baadaye alijulikana kama Mwenda wa Bayeke. Miongoni mwa vipande alivyopiga kilikuwamo "Masanga". Sahani hiyo ilisambaa nje ya Katanga kwa kasi ambayo mshairi wa gazeti hangeweza kuiota. Ilisikilizwa Rhodesia, Afrika ya Kusini, Kenya na Uganda, na ikawa kipimo ambacho wapigaji wa miji mbalimbali walijipimia.

Anayeisikia mara ya kwanza hudhani ni wapigaji wawili. Mmoja anatembea chini, kwenye nyuzi nene, kwa hatua zisizobadilika. Mwingine anacheza juu, kwenye nyuzi nyembamba, akichelewa kidogo, akitangulia kidogo, akinyamaza pale mwenzake anapokazana. Kumbe ni mkono mmoja. Kidole gumba kinashika nyuzi za chini, kidole cha shahada kinashika za juu, na vidole vitatu vilivyobaki havina kazi. Mkono wa kushoto nao hauendi mbali: maumbo machache ya kordi karibu na kichwa cha gitaa, na mpigaji akitaka kupandisha sauti ilingane na koo lake hufunga kalamu ya risasi kwa uzi au mpira kuzunguka shingo ya chombo, kisha anaendelea na maumbo yaleyale. Mambo yote hayo mtu huweza kuonyeshwa katika alasiri moja. Kinachomshinda mwanafunzi kwa miaka ni kuvifanya vidole viwili visisikilizane. Gumba lazima litembee kama kwamba shahada haipo, na shahada lazima ijue daima gumba liko wapi.

David Rycroft, aliyekuwa mwalimu wa Kizulu katika chuo cha lugha za Asia na Afrika cha London, aliona uzito wa jambo hili mapema. Katika jarida la African Music, mwaka 1961 na 1962, alichapisha uchambuzi wa ubunifu wa Mwenda katika gitaa, akiandika kwa nota yale aliyoyasikia kwenye sahani. Kurasa hizo hazifanani kabisa na kitu "rahisi". Macho ya msomaji huona mafungu ya mapigo yanayopishana na yasiyoanza pamoja. Sikio linalosikiliza sahani ileile husikia mtu aliyetulia kitini. Umbali huo kati ya karatasi na sikio ndio usahili unaozungumzwa hapa.

Sasa turejee kwenye maneno. Katika ushairi wa mapokeo, hesabu hukaa ndani ya neno. Shairi la tarbia la kawaida lina mishororo minne katika kila ubeti, na kila mshororo una mizani 16 iliyogawanyika nane kwa nane. Sheikh Kaluta Amri Abedi alizikusanya sheria hizo katika kitabu chake cha mwaka 1954, na walimu wamezifundisha tangu hapo. Neno likizidi hukatwa: "aliyekuja" huwa "alokuja", na ukataji huo una jina lake, inkisari. Neno likipungua huongezwa. Hesabu ni bwana, neno ni mtumwa anayenyooshwa au kufupishwa. Faida yake ni kubwa. Shairi lililofungwa hivyo huweza kuondolewa sauti, likaandikwa, likavuka bahari na karne, na msomaji asiyejua lilivyoimbwa bado akalihesabu kwa ncha za vidole vyake. Hata taarab, yenye ala nyingi, ilibaki na hesabu hiyo ndani ya maneno. Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, beti alizoimba zilikuwa beti hata kabla ya udi na fidla kuanza.

Katika wimbo wa gitaa kavu hesabu imehama. Haimo tena katika ulimi. Imo katika kidole gumba. Kwa kuwa kidole hicho hakikosei, mwimbaji ana ruhusa ya kuwa mzembe kwa makusudi. Mshororo mmoja waweza kuwa na mizani sita na unaofuata kumi na moja. Mwimbaji huyabana maneno ya pili au huyaachia yamwagike hadi kwenye zamu ya gitaa, na wimbo hauanguki. Neno halikatwi wala haliongezwi. "Aliyekuja" hubaki "aliyekuja", kama linavyotamkwa dukani au kwenye kituo cha basi. Ndiyo sababu waimbaji hawa husikika wakizungumza, wakati yule wa tarbia husikika akitunga. Kila mmoja ana nidhamu yake. Aliyetafuta nidhamu ya gitaa katika maneno yaliyonakiliwa karatasini alitazama kiganja cha mtu aliyefumbata kitu katika mkono mwingine.

Kutokana na kuhama huku yanafahamika mambo mengine ambayo wahakiki waliyahesabu kuwa kasoro. Marudio, kwa mfano. Sahani ya mizunguko 78 kwa dakika ilibeba dakika tatu na kidogo katika kila upande. Mtunzi wa utenzi angeona huo ni muda wa kumwomba Mungu msaada na kutaja jina lake, basi. Mpigaji wa gitaa aliutumia kwa kusema jambo moja mara mbili au tatu, kila mara gitaa likiwa limesogea kidogo chini ya maneno yaleyale. Anayesoma maneno huona marudio. Anayesikiliza husikia sentensi ileile ikisemwa na mtu ambaye hali yake imebadilika. Tena kuna ukimya. Baada ya maneno machache mwimbaji hunyamaza, na gitaa hushika zamu kwa muda ambao mara nyingi ni mrefu kuliko ule wa maneno. Katika sehemu hiyo msikilizaji hupewa nafasi ya kuweka mambo yake mwenyewe: mke aliyebaki kijijini, mshahara ulioisha tarehe 10, rafiki asiyelipa deni.

Suala la lugha yenyewe linahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu ndilo lililowaudhi wengi. Kiswahili cha Katanga husema "batu" pahali pa "watu" na "bintu" pahali pa "vitu". Kwa kipimo cha Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja na kusimamiwa na kamati ya nchi za Afrika ya Mashariki tangu mwaka 1930, hayo ni makosa. Lakini sahani za Katanga hazikununuliwa na kamati. Zilinunuliwa, pamoja na wengine, na watu wa Magharibi ya Kenya, na kwa Mbukusu anayesema "babandu" nyumbani kwake, "batu" si kosa kubwa kama lilivyo kwa mtu wa Lamu. Ni neno la jirani. Lugha ile iliyokuwa imepungukiwa na adabu za pwani ilifika bara pasipo kumtisha mtu. Ilikuwa lugha ya pili ya mwimbaji na lugha ya pili ya msikilizaji, na wote wawili walikutana katikati wakiwa na msamiati mdogo na mambo makubwa ya kusema. Kiswahili cha namna hiyo hakiwezi kujificha nyuma ya methali za kale au maneno ya Kiarabu. Hulazimika kutaja kitu kwa jina lake.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba Kenya ilingoja Katanga iwafundishe watu wake kushika gitaa. Askari waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia walikuja na vyombo na mitindo. Fundi Konde, mtu wa pwani aliyefariki mwaka 2000, alipitia utumishi wa vita na baada yake akawa miongoni mwa waimbaji wa mwanzo wa Kenya kujulikana kwa sahani. Nyimbo zake zina ulaini wa dansi ya mjini, na Kiswahili chake ni cha mtu aliyezaliwa nacho karibu. Njia hiyo ni nyingine, na yafaa iandikiwe makala yake.

Mkondo wa Katanga uliingia Nairobi kwa miguu ya wenyewe katika miaka ya mwisho ya 1950. Mwenda alikuja kwa miezi kadhaa, na Edouard Masengo akakaa zaidi. Kilichowaleta na kuwaweka ni biashara: gitaa na Kiswahili chao vilitumika kutangaza dawa ya Aspro na soda ya Coca-Cola. Wapo wanaoona aibu katika habari hii. Lakini mfanyabiashara ni mhakiki wa namna yake, na asiyelipa fedha bure. Alikuwa amegundua kwamba sauti moja na gitaa moja huingia katika nyumba ambamo bendi nzima ingeonekana ni kelele na hotuba ingeonekana ni serikali.

Katika Magharibi ya Kenya mtindo huo ulikutana na mikono iliyokwisha kujua kazi. Kwa Waluo palikuwa na nyatiti yenye nyuzi nane. Kwa Wabukusu palikuwa na litungu. Na huko Kakamega kulikuwa na ngoma za isukuti, ambazo hakuna msiba wala harusi ya Waisukha na Waidakho iliyokamilika bila hizo. George Mukabi alizaliwa katika mazingira hayo. Alichofanya, na ambacho jina lake halijafa kwa ajili yake, ni kuhamisha mwendo wa isukuti ndani ya nyuzi sita. Gumba lake halitembei kama la Mwenda. Lina haraka zaidi na linasukuma, kama mtu anayeongoza kundi barabarani. Kando yake husikika chupa ya Fanta, ile ya zamani yenye mbavu, ikikwaruzwa na kugongwa. Hicho ndicho kikosi kizima: gitaa, chupa, sauti mbili. Mukabi alifariki mwaka 1963 akiwa bado kijana.

Wimbo wake "Mtoto si Nguo" waonyesha usahili huu ulivyofanya kazi. Kichwa chenyewe ni maneno matatu, na msemaji yeyote wa Kiswahili huyamaliza kichwani mwake: nguo huazimwa kwa jirani, mtoto haazimwi. Hakuna picha ya mbali wala fumbo la kufumbuliwa na wanazuoni. Hata hivyo ndani ya maneno hayo matatu imo huzuni ya nyumba isiyo na mtoto, imo fedheha ya mwanamke anayetazamwa na wakwe, na imo habari ya nguo, kitu ambacho maskini kweli huazimana siku ya safari. Mtunzi wa mashairi angelieleza jambo hilo katika beti kumi na kulipamba. Mukabi aliliweka juu ya mwendo wa isukuti, mwendo wa kuchezea, na kuliacha hapo. Kuliimba jambo zito kwa mwendo unaoamsha miguu si uzembe wa hisia. Watu wa Kakamega huwazika wafu wao kwa ngoma hizohizo.

Mjadala mkubwa wa ushairi wa Kiswahili ulikuja baadaye, katika miaka ya 1970. Kezilahabi alitoa Kichomi mwaka 1974, Mulokozi na Kahigi wakatoa Kunga za Ushairi mwaka 1979, na wanamapokeo wakajibu kwa ukali unaojulikana. Swali lilikuwa kama shairi laweza kusimama pasipo vina na mizani. Upande mmoja ulitafuta mifano katika ushairi wa Kizungu, upande mwingine ulikana kwamba jambo hilo lina mizizi yoyote hapa. Wakati huohuo, kwa zaidi ya miaka ishirini, wafanyakazi wa migodi, makarani na madereva walikuwa wamekwisha kutunga kwa Kiswahili pasipo vina vya lazima wala mizani ya ulimi, na umati mkubwa ulikuwa umewasikiliza. Mfano uliotafutwa katika maktaba ulikuwa ukiuzwa madukani kwa shilingi chache. Haukuonekana kwa sababu ulikuwa rahisi, kwa maana zote mbili za neno hilo.

Usahili huo ulikuwa pia na gharama, na walioilipa ni watunzi. Wimbo ambao maneno yake ni mepesi na lugha yake ni ya kila mtu huchukuliwa na kila mtu. "Malaika" ni ushahidi unaojulikana duniani kote. Fadhili William aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miriam Makeba akaupeleka mbali. Mwaka 1981 kundi la Boney M. likautoa Ulaya. Kuhusu nani hasa aliutunga, Fadhili alijitaja, na Adam Salim wa Tanzania akadai ni wake tangu miaka ya 1940. Fadhili alifariki mwaka 2001 na ubishi ukiwa hai. Utenzi wa Kiswahili mara nyingi hubeba jina la mtunzi wake katika beti za mwisho, ukiwa umefungwa humo kwa vina na mizani ili asiyeng'oe mtu. Wimbo wa gitaa haukuwa na kufuli hilo. Ulichokuwa nacho cha kumtambulisha mwenyewe ni mkono, na mkono hauandikwi kwenye karatasi ya hakimiliki.

Mkono huo ulianza kutoweka masikioni katikati ya miaka ya 1960. Studio za Nairobi zilihamia kwenye bendi za umeme, na twisti ikashika vijana. Mabadiliko haya huelezwa kwa kawaida kuwa ni maendeleo, na kwa upande wa sauti ya kuchezea ukumbini ni kweli. Lakini mtu akizitenganisha sehemu za bendi hizo atakuta jambo la kustaajabisha. Gitaa la besi linafanya kazi iliyokuwa ya gumba. Gitaa la kwanza, lile la juu, linafanya kazi iliyokuwa ya kidole cha shahada. Gitaa la kati limejaza nafasi ambamo zamani palikuwa na ukimya, na mpiga ngoma ameishika kazi ya chupa. Watu wanne au watano wamegawana urithi wa mtu mmoja, na aliyepoteza ni yule msikilizaji aliyekuwa akiutumia ule ukimya.

Mwaka 1979 John Low, mpigaji wa gitaa na mtafiti kutoka Uingereza, alisafiri hadi Lubumbashi, katika mkoa ulioitwa Shaba wakati ule, kuwatafuta Mwenda, Masengo na Losta Abelo. Habari za safari hiyo alizichapisha Vienna mwaka 1982, na mwaka huohuo akatoa katika African Music historia ya gitaa nchini Kenya tangu 1945 hadi 1980, kazi ambayo hakuna anayeandika juu ya mada hii anayeweza kuikwepa. Sahani za Mwenda zilikuwapo tangu 1952, na nota za Rycroft zilikuwa zimekwisha kuchapishwa miaka 17. Bado ilimlazimu kupanda mabasi na kwenda kuketi mbele ya wenyewe, gitaa mapajani, akitazama vidole viwili. Mwenda alifariki katika ajali ya gari nchini Zambia mwaka 1990, na Masengo akafuata mwaka 2003.